Goti Katika Nchi ya Sale: Kutoka Kisu cha Simulizi hadi Kiungo cha Chuma

Wilaya ya Ngorongoro inatunza ushahidi wa kale sana wa kazi ya goti la binadamu. Mwaka 1978 kundi la watafiti la Mary Leakey lilikuta Laetoli, jirani na Endulen, nyayo zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.66 iliyopita. Walioziacha walitembea wima, kwa miguu miwili. Kutembea wima kuliiacha mikono huru, lakini kulihamishia uzito wote wa mwili kwenye miguu ya nyuma, na katika kila mguu goti ndilo lililokaa mahali pabaya zaidi: katikati ya mifupa miwili mirefu kuliko yote, bila nyama nene ya kulizunguka. Kiungo hicho ndicho kinachowaangusha wazee wengi wa tarafa ya Sale hata leo, na historia ya jinsi kilivyotibiwa huko ni ndefu kuliko historia ya hospitali.

Sale ni moja ya tarafa tatu za wilaya hiyo, pamoja na Loliondo na Ngorongoro. Iko kaskazini, juu na chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, magharibi mwa Ziwa Natron. Vijiji vya Digodigo, Samunge, Sale na majirani zake ni vya Wabatemi, ambao majirani na watawala waliwaita Wasonjo. Malambo na Pinyinyi ni nchi ya Wamaasai. Robert Gray, Mmarekani aliyeishi na Wabatemi na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1963, alieleza vijiji vilivyozungushiwa ngome ya miti na miiba, na mashamba yaliyonyweshwa kwa mifereji kutoka kwenye chemchemi. Zamu za maji ziligawiwa na wazee wa ukoo wa uongozi, wenamiji, na mfereji ulioziba ulikuwa jambo la kijiji kizima. Kazi za mfereji na shamba zilikuwa kuchuchumaa kwenye tope, kuinua mawe, kulima kwa jembe la mkono na kupandisha mizigo kwenye miteremko. Utafiti wa nchi nyingi umeonyesha kwamba watu wanaopiga magoti, kuchuchumaa na kubeba mizigo mizito kwa miaka mingi huchakaa magoti mapema. Uzee na unene huongeza hatari hiyo, na jeraha la ujanani, kama la mchezo wa mpira au la kuanguka na pikipiki, huiongeza pia.

Simulizi za nchi hiyo zina mahali maalumu pa goti. Mwaka 1905 A. C. Hollis alichapisha mjini Oxford kitabu juu ya lugha na hadithi za Wamaasai, na ndani yake imo hadithi ya mzee aliyeishi peke yake, goti lake likavimba, akadhani ni jipu. Miezi ikapita bila jipu kupasuka. Mwishowe alichukua kisu akalikata, na badala ya usaha wakatoka watoto wawili. Wabatemi nao husimulia kwamba Khambageu, shujaa wao mtukufu, hakuzaliwa na mwanamke bali alitoka katika mguu uliovimba wa baba yake. Si kazi ya makala hii kufasiri simulizi takatifu. Lakini mganga yeyote wa leo atatambua mwanzo wa hadithi zote mbili: uvimbe wa muda mrefu, usio na joto la jipu, usiopasuka, na mgonjwa ambaye hana wa kumpeleka popote.

Wamaasai walikuwa na mafundi wao wa mwili. Moritz Merker, ofisa wa Kijerumani aliyechapisha kitabu chake mjini Berlin mwaka 1904, aliandika kwa mshangao juu ya watu waliounga mifupa, wakashona vidonda kwa kano za ng'ombe, hata wakakata kiungo kilichoharibika. Ustadi huo ulihusu mfupa uliovunjika na jeraha lililo wazi. Kwa goti lililochakaa tiba ilikuwa ya kunywa na kuchua: mafuta, moto, chanjo ndogo za ngozi, na magome na mizizi iliyochemshwa kwenye supu ya nyama. Mwaka 1994 Timothy Johns na wenzake walichapisha utafiti juu ya dawa za miti za Wabatemi, wakapima ni dawa zipi watu wengi walikubaliana nazo. Elimu hiyo ni pana na inaheshimika. Hata hivyo, hakuna gome wala kidonge cha duka la dawa kilichowahi kuthibitishwa kuotesha upya gegedu, ile ngozi nyororo, nyeupe, inayofunika ncha za mifupa na kuifanya iteleze. Gegedu haina mishipa ya damu wala ya fahamu. Kwa sababu hiyo huchakaa kimyakimya, na maumivu yanapoanza huwa sehemu kubwa imekwishakwenda.

Jambo ambalo vitabu vya kigeni juu ya goti hulipita haraka, nalo ni zito sana Sale, ni kwamba si kila goti bovu huko limechakaa. Mfugaji anayekunywa maziwa mabichi na kuzalisha mifugo kwa mikono mitupu anaweza kuambukizwa brusela, ugonjwa unaowafanya ng'ombe na mbuzi watupe mimba. Kwa binadamu huleta homa za kupanda na kushuka, jasho la usiku na uvimbe wa viungo, goti likiwa mojawapo. Kifua kikuu nacho huingia kwenye mifupa. Goti lenye kifua kikuu huvimba taratibu, paja hukonda, na mgonjwa anaweza kuishi miaka akichuliwa mafuta huku mfupa ukiliwa ndani kwa ndani. Magonjwa yote mawili hutibiwa kwa dawa, na dawa zikianza mapema goti linaweza kuokoka.

Baada ya brusela na kifua kikuu, sababu ya tatu ni maji. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa hutoa floraidi nyingi, na Ziwa Natron na chemchemi kadhaa za kaskazini mwa Tanzania zinajulikana kwa madini hayo. Magadi yanayotumika kulainishia maharage huongeza kipimo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Kuanzia miaka ya 1970 Tanzania iliruhusu hadi miligramu 8 vijijini, kwa sababu kushikilia kiwango cha dunia kungefunga visima vingi na kuwaacha watu bila maji kabisa. Kiwango hicho kimeshushwa baadaye. Ishara ya kwanza ya floraidi ni meno ya kahawia, ambayo watu wa Arusha huyabeba kama kitambulisho cha kwao. Inapozidi, mifupa huwa migumu na mizito, viungo hukakamaa, na watoto hupata matege au magoti yanayogongana. Mjini Arusha ipo nyumba iitwayo The Plaster House, iliyoanzishwa mwaka 2008, inayowalea watoto wanaosubiri kupona baada ya kunyooshwa miguu ya namna hiyo. Mtoto asiyenyooshwa hukua na mguu unaobeba uzito upande mmoja, na upande huo wa goti unaweza kuchakaa mapema.

Wazo la kuondoa goti bovu na kuweka jingine lilianzia mbali na Sale, ingawa mali ghafi yake ya kwanza haikuwa ngeni kwa nchi hiyo. Tarehe 20 Mei 1890, mjini Berlin, daktari Themistocles Gluck alimfanyia upasuaji msichana wa miaka 17 mwenye kifua kikuu cha goti, akamwekea bawaba iliyochongwa kwa pembe ya ndovu. Wiki sita baadaye Ujerumani na Uingereza zilitia saini mkataba wa Zanzibar na Heligoland uliogawa maeneo ya ushawishi wao Afrika Mashariki. Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe, na misafara ya Pangani iliyokwenda kuzitafuta hadi Kavirondo ilikuwa na kituo Sonjo. Pembe ilipendwa na madaktari kwa sababu ile ile iliyowavutia mafundi wa funguo za piano: ni ngumu, inachongeka, na haiozi upesi.

Bawaba za Gluck zilikunja na kukunjua vizuri, kisha zikaharibika moja baada ya nyingine. Kosa halikuwa la pembe. Karibu wagonjwa wake wote walikuwa na kifua kikuu, na vijidudu vilivyoachwa ndani viliamka. Gluck mwenyewe alikuja kukiri kwamba kiungo chenye kifua kikuu hakifai kuwekewa kitu cha bandia, na kazi yake ikasahauliwa kwa nusu karne. Sheria iliyotokana na anguko hilo haijabadilika. Goti lenye maambukizi haliwekewi kiungo cha bandia, na daktari anayempima mfugaji wa Malambo bila kumuuliza habari za maziwa, homa na kikohozi anarudia njia ya Berlin ya 1890.

Waliofuata walifanya makosa mengine, kila moja likiacha funzo. Börje Walldius wa Sweden alianza mwaka 1951 kuweka bawaba ya plastiki ngumu, baadaye ya chuma cha kobalti na kromiamu. Bawaba hujua kukunja na kukunjua tu. Goti la binadamu hukunja, huteleza na kujizungusha kidogo kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila hatua ilikuwa ikiipinda bawaba mahali isipotaka kwenda, na msukumo huo ukailegeza kutoka kwenye mfupa. Mgonjwa alifurahi miaka michache, kisha akarudi na mguu mbaya kuliko wa kwanza.

Mlango ulifunguliwa na upasuaji wa nyonga. John Charnley, katika hospitali ya Wrightington huko Uingereza, alijaribu kwanza plastiki ya Tefloni, nayo ikasagika na kuwaharibia wagonjwa wengi. Mwaka 1962 akahamia polietilini nzito, akaitumia pamoja na saruji ya akriliki inayoshika chuma na mfupa. Frank Gunston, Mkanada aliyekwenda kujifunza kwake, akayachukua mambo hayo mawili, na mwaka 1968 akaweka goti lisilo na bawaba kabisa: vipande vya chuma vinavyobingirika juu ya vipande vya plastiki, huku kano za mgonjwa mwenyewe zikiachwa zishike kiungo. Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Michael Freeman na S. A. V. Swanson walifanya kazi London mwaka 1970, na mwaka 1974 John Insall na wenzake mjini New York wakaanza kutumia goti lililofunika nyuso zote za kiungo pamoja na pia ya goti. Goti linalowekwa leo Dar es Salaam au Nairobi ni mjukuu wa lile la 1974. Kompyuta na roboti zilizoingia baadaye zinasaidia kukata mfupa kwa usahihi, lakini hazijabadilisha msingi.

Jina la upasuaji huo, kubadilisha goti, huwatisha watu kupita kiasi. Wengi hudhani goti zima hung'olewa na jingine kuchomekwa. Kinachofanyika ni kuchonga ncha za mifupa, milimita chache tu, na kuzivika: kofia ya chuma kwenye mfupa wa paja, sahani ya chuma kwenye mfupa wa muundi, na kati yao kipande cha plastiki kinachochukua kazi ya gegedu. Pia ya goti mara nyingine huvikwa, mara nyingine huachwa. Misuli na kano nyingi hubaki za mgonjwa. Mara nyingi ganzi huwekwa kwa sindano ya mgongoni, njia iliyotumiwa kwanza na August Bier wa Ujerumani mwaka 1898, na mgonjwa anaweza kusikia nyundo zikigonga bila kuhisi maumivu. Kazi huchukua saa moja hadi mbili. Panapoumia upande mmoja tu wa goti, baadhi ya wagonjwa hufaa kuvikwa upande huo peke yake.

Wakati haya yakitokea Ulaya na Marekani, tarafa ya Sale ilikuwa bado mbali na hospitali. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege iliyokuja kuwa AMREF. Katika miaka ya 1960 Herbert Watschinger, padri na daktari kutoka Austria, alijenga hospitali Wasso, Loliondo. Muongo uliofuata akajenga nyingine Endulen. Kuanzia 1983 ndege ndogo za Flying Medical Service kutoka Arusha zikawa zinatua kwenye viwanja vya vumbi vya Umaasaini kutoa chanjo, kupima wajawazito na kubeba mahututi. Kwa upande wa Karatu, ambayo ikawa wilaya mwaka 1997 baada ya kutengwa na Mbulu, hospitali ya Kilutheri ilibeba mzigo mkubwa, na mwaka 2008 kikaongezeka kituo cha tiba cha FAME. Hizo zote ni taasisi za kuokoa maisha: uzazi, malaria, nimonia, mifupa iliyovunjika. Goti la mzee halikuwa katika foleni ya mbele, na ni haki kusema halikustahili kuwa.

Elimu ya mifupa ilikaa mbali zaidi. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996. Kabla ya hapo, na kwa miaka mingi baadaye, Mtanzania aliyetaka goti la bandia alifikiria India au Afrika Kusini, na wa mpakani kama Loliondo aliangalia Kenya, ambako hospitali za misheni kama Kikuyu na Kijabe zilijijengea jina katika mifupa. Leo upasuaji huo unafanyika nchini, MOI na Mloganzila zikiwa miongoni mwa hospitali zinazoufanya, na mara kwa mara wataalamu wa nje huja kufanya kazi pamoja na wenyeji. Kutoka Sale hadi Moshi bado ni zaidi ya kilomita 300.

Umbali huo ulidhihirika kwa namna ya ajabu mwaka 2011, pale dunia ilipofunga safari kuelekea Sale badala ya Sale kuelekea duniani. Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa KKKT aliyekuwa akiishi Samunge, alianza mwaka 2010 kutoa kikombe cha dawa iliyochemshwa kutokana na mti ambao wenyeji wanauita mugariga, kwa shilingi 500. Alisema Mungu ndiye aliyemwonyesha. Kufikia Machi 2011 foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, na ndani yake walikuwamo wakubwa wa serikali, wafanyabiashara na wagonjwa waliotolewa vitandani. Magonjwa yaliyotajwa zaidi yalikuwa ukimwi, saratani, kisukari, shinikizo la damu na pumu. Watu walifia njiani na kwenye foleni. Wengine waliacha dawa zao za hospitali wakaumia baadaye. Mwasapile alifariki Julai 2021.

Ni rahisi kuwacheka walioenda Samunge, na waandishi wengi waliwacheka. Kicheko hicho hakisaidii. Kikombe kilikuwa na sifa ambazo hospitali haikuwa nazo: bei ilijulikana mapema, ilikuwa moja kwa tajiri na maskini, na mgonjwa alimaliza tiba siku ile ile. Upasuaji wa goti ni kinyume chake kwa kila hali. Bei yake ni mamilioni ya shilingi, hutofautiana kutoka hospitali hadi hospitali, na tiba huendelea karibu mwaka mzima baada ya kisu. Anayekwenda akitarajia kikombe atavunjika moyo hata kama daktari amefanya kazi safi.

Barabara ndiyo iliyobadilika kwanza. Lami ya kilomita 49 kati ya Wasso na njia panda ya Sale imefupisha safari iliyokuwa ikila siku nzima wakati wa mvua, ingawa sehemu ndefu ya kushuka kuelekea Engaresero na Mto wa Mbu imeendelea kuwa ya vumbi na mawe. Kwa mtu mwenye goti bovu barabara hiyo ni sehemu ya tiba, kwani ataipita mara nyingi: kupimwa, kupasuliwa, kutolewa nyuzi, na kurudi kliniki wiki ya sita, mwezi wa tatu na kuendelea.

Upasuaji huu unamfaa nani? Kwa ufupi, mtu ambaye goti limeharibika kwa kuonekana kwenye picha ya eksirei, linamwuma hata usiku, limemzuia kufanya shughuli za kawaida, na tiba nyingine zimejaribiwa kwa dhati. Tiba hizo si za kupuuzwa. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya mbele ya paja, kupunguza uzito kwa walionenepa, na fimbo inayoshikwa mkono wa upande wa mguu mzima vimethibitika kupunguza maumivu, na havina gharama kubwa. Wazee wa Sale tayari wana fimbo. Wengi huishika upande usiofaa. Dawa za kutuliza maumivu zinazouzwa kiholela huumiza tumbo na figo zikitumiwa miaka. Sindano ya steroidi ndani ya goti hutuliza kwa wiki kadhaa, lakini isichomwe ndani ya miezi mitatu kabla ya upasuaji, kwa sababu huongeza hatari ya maambukizi. Kusafisha goti lililochakaa kwa kamera kulikuwa biashara kubwa duniani hadi mwaka 2002, ambapo utafiti wa Bruce Moseley na wenzake huko Marekani ulionyesha kwamba waliosafishwa hawakupata nafuu kuliko waliochanjwa ngozi tu bila kuguswa ndani.

Umri nao hupimwa. Viungo vya bandia huchakaa. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba katika magoti 100 yaliyobadilishwa yote, takriban 82 bado hufanya kazi baada ya miaka 25. Takwimu hizo ni za nchi tajiri, zenye sakafu laini na kliniki jirani, lakini zinatosha kuonyesha kwa nini daktari humwambia mgonjwa wa miaka 45 asubiri kama anaweza: goti la pili katika mguu ule ule ni kazi ngumu zaidi na matokeo yake huwa hafifu. Tena, karibu mtu mmoja kati ya watano hubaki hajaridhika, kwa maumivu yaliyosalia au kwa matarajio yaliyopita kiasi.

Hatari inayoogopwa kuliko zote bado ni ile iliyomshinda Gluck. Katika hospitali nzuri maambukizi huwapata mmoja au wawili kati ya mia, na yakishika chuma dawa pekee mara nyingi haitoshi. Kiungo hutolewa, mgonjwa hukaa wiki kadhaa bila goti, kisha huwekewa jingine. Kwa hiyo matayarisho ni sehemu ya upasuaji. Meno mabovu hung'olewa au kuzibwa kabla. Sukari hushushwa. Vidonda vya miguuni, hata mpasuko wa kisigino, hutibiwa kwanza. Sigara na ugoro huachwa, kwa sababu nikotini hupunguza damu inayofika kwenye ngozi na kuchelewesha kidonda kupona. Mwenye virusi vya ukimwi anayetumia dawa vizuri hazuiwi. Hatari ya pili ni damu kuganda kwenye mishipa ya mguu na kupanda mapafuni, ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia na kusimamishwa siku hiyo hiyo au ya pili yake, hata akilalamika.

Kisha mgonjwa hurudi nyumbani, na hapo ndipo upasuaji mwingi mzuri hupotea. Wiki sita za kwanza ndizo zinazoamua goti litakunja kiasi gani. Asiyefanya mazoezi kwa kuogopa maumivu hubaki na mguu mgumu kama mchi. Fiziotherapia inahitaji mtu wa kuielekeza, na wataalamu wake ni wachache nje ya miji, hivyo ndugu mmoja anapaswa kufundishwa mazoezi hospitalini kabla ya kuondoka. Choo cha kuchuchumaa kinahitaji kiti chenye tundu, ambacho fundi seremala wa kijijini anaweza kukitengeneza kwa siku moja kikiwa tayari kabla mgonjwa hajafika. Kitanda kiinuliwe. Goti la bandia kwa kawaida hukunja hadi nyuzi 110 au 120, zinazotosha kukaa kitini na kupanda ngazi, hazitoshi kuchuchumaa mferejini. Kutembea, hata mwendo mrefu wa kuchunga, kunaruhusiwa baada ya kupona; kuruka, kukimbia na kubeba gunia mteremkoni havifai. Familia inayomtarajia bibi arudi shambani kama zamani iambiwe ukweli huu mapema, na daktari, si na jirani.

Fedha zinahitaji mpango wake. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi mwaka 2001, na sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kabla ya kuuza ng'ombe, mgonjwa aulize mambo matatu kwa maandishi: bima yake inalipa kiungo chenyewe au kitanda tu, rufaa ianzie hospitali gani, na gharama ya kliniki za baadaye ni nani ataibeba. Wapo waliolipa upasuaji wakakosa nauli ya kurudi kuangaliwa.

Kuna karatasi moja ambayo haipaswi kupotea. Kila kiungo cha bandia huja na kibandiko chenye jina la kiwanda, ukubwa na namba ya toleo. Malawi ilianza mwaka 2005 kuandika viungo hivyo katika daftari la taifa, ikawa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kufanya hivyo, na faida yake huonekana pale kiungo kinapolegea na daktari mpya anapohitaji kujua kipuri gani kitaingia. Mgonjwa adai nakala ya kibandiko hicho siku ya kuruhusiwa, aiweke pamoja na hati za familia, na mmoja wa watoto aipige picha. Na ikitokea miaka yoyote baadaye goti likawa la moto, jekundu, au homa ikaingia bila sababu, lisichuliwe na lisifungwe majani: mgonjwa apelekwe Wasso, Karatu au hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo, na karatasi hiyo mkononi.